Mistari Minne Isiyotosha: Uchambuzi wa Ripoti Moja ya Mwamuzi

Tukio lenyewe lilichukua chini ya dakika moja. Dakika ya 78, matokeo yakiwa 1-1, mwamuzi alipuliza filimbi kwa rafu ya kawaida karibu na mstari wa pembeni, upande wa mabenchi, akawapa wenyeji mpira wa adhabu. Kabla haujapigwa, beki wa wageni aliyevaa jezi namba 6 akakwaruzana kwa maneno na mshambuliaji wa wenyeji namba 10, kisha akamsukuma usoni kwa kiganja. Namba 10 akaanguka. Kufumba na kufumbua watu wa benchi la wenyeji walikuwa ndani ya uwanja, na katika purukushani hiyo mchezaji wa akiba namba 14 akampiga namba 6 teke kwa nyuma. Macho ya mwamuzi yalikuwa kwa wale wawili wa mwanzo. Teke lilionwa na mwamuzi msaidizi wa kwanza, aliyesimama mita chache tu kutoka hapo. Kadi nyekundu mbili zikatoka, mchezo ukaendelea na kumalizika 1-1. Waamuzi walipokuwa wakielekea chumbani kwao, kocha mkuu wa wageni akawafuata kwenye korido akimrushia maneno mwamuzi wa kati.

Majina ya timu na ya wahusika nayaacha, hayahitajiki. Kadi zote mbili zilikuwa sahihi, na hilo naliweka wazi mapema kwa sababu ndilo linalouma katika kisa hiki. Mwamuzi aliyefanya kazi nzuri jioni ile uwanjani aliangushwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe usiku uleule. Ripoti yake ilisomeka hivi:

"Dakika ya 78 mchezaji namba 6 wa wageni alifanya vurugu kwa mpinzani wake na nikamtoa kwa kadi nyekundu. Papo hapo namba 14 wa wenyeji aliingia kupigana, nikamtoa pia kwa kadi nyekundu. Baada ya mechi kocha wa wageni alinitukana matusi mazito na kuonyesha utovu wa nidhamu wa hali ya juu. Naomba kamati imchukulie hatua kali ili iwe fundisho kwa wengine."

Kilichofuata ni hiki. Klabu ya wageni ilifika mbele ya kamati ya nidhamu na video fupi ya simu, iliyopigwa kutoka upande wa pili wa uwanja. Mkono wa namba 6 unaonekana ukinyooka, lakini namba 10 ameipa kamera mgongo, hivyo haionekani mkono umetua wapi. Mtetezi wa klabu akasema ulitua kifuani, msukumo mdogo tu, na aliyesukumwa alijiangusha. Kamati ikarudi kwenye ripoti kutafuta jibu, ikakuta neno "vurugu". Namba 6 akaishia na adhabu ya chini kabisa iliyowezekana. Kuhusu namba 14, mwamuzi aliulizwa alipiga teke kwa mguu gani na likatua wapi. Akajibu kwamba hakuliona yeye, aliambiwa na msaidizi wake. Ukumbi ukanyamaza kidogo, kisha mtetezi akauliza swali ambalo yeyote angeliuliza: kuna mambo mengine mangapi humu ambayo mwamuzi ameyaandika kana kwamba aliyaona? Kocha alipewa barua ya onyo.

Uzito wa ripoti tunaujua, ila ukitukaa vizuri kichwani tunaandika kwa namna nyingine. Sheria ya 5 ya mchezo inamtaka mwamuzi awasilishe kwa mamlaka husika ripoti ya mechi yenye hatua zote za nidhamu alizochukua na matukio mengine yaliyotokea kabla ya mchezo, wakati wa mchezo au baada yake. Kanuni za nidhamu za FIFA nazo zinasema kwamba mambo yaliyoelezwa kwenye ripoti za maofisa wa mchezo huchukuliwa kuwa ni kweli, ingawa mtu anaruhusiwa kuleta ushahidi kwamba si sahihi. Maana yake mwamuzi anaingia kwenye kikao akiwa mbele kwa hatua moja. Anayempinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Lakini faida hiyo inalinda jambo lililoelezwa. "Alifanya vurugu" haielezi jambo lolote. Ni hukumu, na hukumu ni kazi ya kamati. Mtetezi wa wageni hakulazimika kuipinga ripoti hata kidogo. Alijaza tu nafasi ambayo ripoti iliiacha wazi.

Nakaa zaidi kwa namba 6, maana hapo ndipo sheria yenyewe inapomwambia mwamuzi maneno gani ayaandike. Kitendo cha ukatili, kwa mujibu wa Sheria ya 12, ni mchezaji kutumia au kujaribu kutumia nguvu kupita kiasi au unyama dhidi ya mpinzani wakati hawawanii mpira, iwe amemgusa au hakumgusa. Kisha inaongeza kwamba mchezaji asiyewania mpira akimpiga mtu kwa makusudi kichwani au usoni kwa mkono, hilo nalo ni kitendo cha ukatili, isipokuwa nguvu iliyotumika iwe ndogo mno. Soma tena sentensi hiyo halafu uitazame video ya simu. Kesi nzima imo mle. Mkono ulitua usoni au kifuani? Ulikuwa kwa makusudi? Mpira ulikuwa unawaniwa? Nguvu ilikuwa kiasi gani? Mwamuzi alikuwa na majibu yote manne, aliyaona kwa macho yake kutoka mahali pazuri, na hakuandika hata moja.

Kama angeniomba tuiandike upya kwa kutumia yaleyale aliyoyaeleza baadaye kikaoni, ningependekeza hivi:

"Dakika ya 78, matokeo yakiwa 1-1, nilikuwa nimesimamisha mchezo na kuwapa wenyeji mpira wa adhabu wa moja kwa moja. Mpira ulikuwa umetulia chini, mita tano hivi kutoka kwa wachezaji ninaowataja. Namba 6 wa wageni na namba 10 wa wenyeji walikuwa wakibishana wakiwa wamekaribiana sana. Sikusikia walichokuwa wakiambizana. Namba 6 aliinua mkono wa kulia na kumsukuma namba 10 usoni kwa kiganja kilichofunguka. Kichwa cha namba 10 kilirudi nyuma, akapiga hatua mbili kinyumenyume, akaanguka. Nilikuwa mita nane hivi kutoka kwao, upande wao wa kulia, na hakuna aliyekuwa amenikinga. Nilimtoa namba 6 kwa kadi nyekundu kwa kitendo cha ukatili. Aliondoka uwanjani bila kubisha. Namba 10 alitibiwa palepale na akaendelea kucheza."

Hakuna sifa ya tabia humo. Hakuna "kwa hasira", "kikatili", "bila aibu". Nguvu imeelezwa kwa kile ilichokifanya: kichwa kilirudi nyuma, hatua mbili. Mjumbe wa kamati anayeijua sheria akisoma hapo ataona mwenyewe kwamba nguvu haikuwa ndogo mno, na video iliyopigwa kutoka nyuma ya mgongo wa mtu haitamtikisa. Sentensi ya mahali mwamuzi aliposimama ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu inajibu swali la "uliona vipi?" kabla halijaulizwa.

Kuna waliosoma rasimu hiyo wakaona sentensi mbili zinamsaidia mchezaji aliyetolewa: kwamba aliondoka bila kubisha, na kwamba aliyepigwa aliendelea kucheza. Ni kweli zinamsaidia, na zinapaswa kubaki. Mwamuzi si mwendesha mashtaka. Akiwa na jambo linalompunguzia mtu lawama na akalificha, ripoti yake yote inakuwa ya upande mmoja, na siku jambo hilo likifichuliwa na video au shahidi, hata yale ya kweli yatatiliwa shaka. Vivyo hivyo, kama namba 10 angekuwa amesubiri kwanza kisha akajirusha, hilo lingeandikwa. Haki ya mchezaji aliyekosa iko mikononi mwa mwamuzi kama ilivyo haki ya aliyekosewa.

Dogo kuhusu namba. Ripoti ya mwanzo ina namba za jezi bila majina. Orodha ya wachezaji ipo, majina yanapatikana, kwa nini kamati iyatafute? Timu na namba ziandikwe pamoja kila mara, na jina lilinganishwe na orodha kabla ya kusaini. Tarehe 22 Juni 2006 mjini Stuttgart, katika mechi ya Kombe la Dunia kati ya Kroatia na Australia iliyoisha 2-2, mwamuzi wa Uingereza Graham Poll alimwonyesha Josip Šimunić, namba 3 wa Kroatia, kadi tatu za njano kabla ya kumtoa. Kadi ya pili aliiandika kimakosa kwenye kijitabu chake kama ya namba 3 wa Australia, Craig Moore. Poll alikuwa miongoni mwa waamuzi waliokuwa wakiheshimiwa sana wakati huo. Ripoti ya usiku haiwezi kuwa nzuri kuliko kijitabu cha mchana, na ndiyo maana mwandiko wa haraka uwanjani unahitaji utulivu wa sekunde tatu: timu, namba, dakika, kosa, kisha filimbi.

Sasa namba 14. Hapa kosa ni la aina nyingine, na kwangu ndilo zito kuliko yote kwenye ripoti ile. Maneno yenyewe, "aliingia kupigana", ni hafifu, lakini hayo yangerekebishika. Kibaya ni kwamba sentensi imeandikwa kwa sauti ya shahidi na mtu ambaye hakushuhudia. Na halikuwa na sababu yoyote! Sheria ya 5 inasema wazi kwamba mwamuzi huchukua hatua kwa ushauri wa maofisa wenzake kuhusu matukio ambayo yeye hakuyaona. Kutoa kadi nyekundu kwa taarifa ya msaidizi ni uamuzi halali kabisa, hauna unyonge wowote. Ilitosha kuandika: "Teke hili sikuliona. Nilijulishwa na mwamuzi msaidizi wa kwanza kabla mchezo haujaanzishwa tena, na kwa ushauri wake nilimtoa namba 14, mchezaji wa akiba, kwa kadi nyekundu kwa kitendo cha ukatili. Maelezo yake yameambatanishwa." Kisha msaidizi anaandika yake: alisimama wapi, aliona mguu upi, teke lilitua wapi, namba 6 alikuwa amegeukia wapi wakati huo.

Waamuzi wengi wanaogopa neno "sikuona" kana kwamba ni kukiri udhaifu. Kumbe neno hilo ndilo wakati mwingine linalofungua mlango wa haki. Aprili 2013, katika mechi ya Liverpool na Chelsea pale Anfield, Luis Suárez wa Liverpool alimng'ata Branislav Ivanović wa Chelsea na hakutolewa nje. Kwa kuwa maofisa wa mchezo hawakuliona tukio lile, Chama cha Soka cha Uingereza kiliweza kumfungulia mashtaka kwa ushahidi wa video, na akafungiwa mechi 10. Kama mwamuzi angeandika kwamba aliliona akaamua lilikuwa jambo la kawaida, njia ingekuwa nyembamba zaidi. Ukweli kuhusu mipaka ya macho yako ni sehemu ya ushahidi.

Hapo hapo kwenye suala la msaidizi kuna jambo la kiutaratibu. Waamuzi wanne wakikaa chumbani baada ya mechi ni sahihi kulinganisha namba, dakika, majina na idadi ya kadi. Hayo ni ya kumbukumbu, yakipishana ni aibu. Kutunga sentensi kwa pamoja ni kitu kingine. Maelezo mawili yenye maneno yaleyale kwa mpangilio uleule yanamwambia msomaji kwamba kuna shahidi mmoja na mnakili mmoja. Kila mtu aandike alichokiona yeye, hata kama mmoja alikumbuka mguu wa kulia na mwingine hakuuona mguu kabisa.

Ripoti pia iliacha kusema kwamba namba 14 alikuwa mchezaji wa akiba. Mtu akisoma haraka atadhani timu zote mbili zilibaki na wachezaji kumi, ilhali mchezaji wa akiba akitolewa timu yake haipungui uwanjani. Wageni walimaliza kumi, wenyeji kumi na mmoja. Nao urefu wa kusimama kwa mchezo haukutajwa, ingawa ndio uliozaa muda mrefu wa nyongeza ambao wageni waliulalamikia. Mstari mmoja ungetosha kumaliza hoja hiyo.

Kocha. "Alinitukana matusi mazito." Mwamuzi alipoulizwa kikaoni ni matusi gani, alisema, kwa kusitasita, kwamba kocha alimwambia: "Mwizi wewe, umehongwa! Hufiki mbali." Wajumbe walitazamana. Kati ya maneno hayo hakuna tusi hata moja la nguoni. Kuna jambo zito kuliko tusi: tuhuma ya rushwa mbele ya watu, na maneno ambayo yanaweza kusomwa kama tishio. Ripoti ilikuwa imelifunika jambo hilo kwa blanketi la "matusi mazito", mashtaka yakaandikwa kwa lugha chafu, na klabu ikajiandaa kujibu lugha chafu. Kubadili shtaka katikati ya kikao kusingekuwa haki kwa kocha, na kamati haikubadili. Barua ya onyo ilitokana na hapo.

Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, ndani ya alama za kunukuu, hata yakiwa machafu. Najua heshima inatuvuta kuyapamba au kuyafupisha. Wapo waamuzi wanaoona haya kuandika tusi kwenye karatasi itakayosomwa na wakubwa. Haya hiyo inamlinda aliyetukana. Ukikumbuka sehemu tu, nukuu sehemu hiyo na useme mengine hukuyasikia vizuri. Halafu weka mahali, muda, umbali, na nani mwingine alikuwepo: "Dakika tano hivi baada ya mchezo kumalizika, kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, kocha mkuu wa wageni alinifuata hadi umbali wa mita mbili, akaninyooshea kidole na kusema kwa sauti ya juu... Hakunigusa. Waamuzi wasaidizi wote wawili na kamishna wa mchezo walikuwepo. Hatukumjibu, tukaingia chumbani."

Katika hili mwamuzi alifanya jambo moja kwa usahihi na anastahili kusifiwa: hakutoa kadi kule koridoni. Tangu msimu wa 2019/20 maofisa wa timu huonyeshwa kadi kama wachezaji, lakini mamlaka ya kuchukua hatua za nidhamu yanakoma mwamuzi anapoondoka uwanjani baada ya mchezo. Kinachotokea baada ya hapo ni cha kuripotiwa. Ndiyo maana ripoti ya korido inapaswa kuwa kamili kuliko ya uwanjani: hakuna kadi iliyotolewa wala umati ulioona, na mara nyingi video hakuna. Kipo unachokiandika tu.

Sentensi ya mwisho, ile ya kuomba hatua kali, naipitia haraka. Ifutwe. Wapo wakufunzi wanaosema haina madhara. Mimi naona ina madhara: inamwonyesha mwamuzi akiwa na hamu ya matokeo fulani, na mtu mwenye hamu ya matokeo hupimwa kila neno lake. Mtetezi wa wageni aliisoma kwa sauti mara mbili.

Mwamuzi huyu aliandika usiku uleule, na hilo ni jema, ila aliandika baada ya kutazama video ya simu aliyotumiwa. Nadhani hapo ndipo neno "vurugu" lilipozaliwa: video haikuonyesha uso, naye akakosa ujasiri wa kuandika "usoni" ilhali aliuona mkono ukitua usoni. Andika kwanza, utazame baadaye. Ukiona kitu kinachobadilisha ulichoandika, peleka maelezo ya nyongeza ukisema wazi kwamba umeshaiona video na kwamba hili ulilipata huko.

Limebaki benchi. Ripoti haisemi neno lolote kuhusu watu walioingia uwanjani mbali na namba 14, na walikuwa wengi. Ukimya huo uliwaokoa wenyeji. Sheria inatoa njia kwa makosa ya eneo la ufundi, yaani sehemu ya mabenchi, pale mkosaji asipotambulika: kadi humwendea kocha wa ngazi ya juu aliyepo. Mwamuzi hakuitumia njia hiyo, na inaeleweka, maana alikuwa na kadi mbili mkononi na watu ishirini mbele yake. Lakini kutochukua hatua uwanjani hakumzuii kuripoti, na kanuni nyingi za mashindano zinaruhusu klabu kuadhibiwa kwa mwenendo wa benchi lake hata watu wakiwa hawajatajwa mmoja mmoja. Ilihitajika aya fupi tu: "Baada ya namba 10 kuanguka, watu kati ya sita na wanane kutoka benchi la wenyeji waliingia uwanjani bila ruhusa yangu. Miongoni mwao nilimtambua kocha msaidizi, aliyekuwa akiwarudisha wenzake. Wengine sikuwatambua kwa majina wala kwa namba. Mchezo ulisimama kwa dakika nne."

Kocha msaidizi huyo alihojiwa na uongozi wa klabu yake mwenyewe kwa kuingia uwanjani, na hakukuwa na karatasi yoyote ya kumtetea.